Senti ya Tundu Mahameni

Watu wa kwetu wakiniona nimevaa spika masikioni, nimeshika fimbo yenye sahani chini, naipitisha juu ya majani huku na huku, wanasema nimerogwa. Wengine wanasema hapana, mimi ndiye ninayeroga, natafuta mahali ambapo watu wamefukia dawa zao. Siku moja pale Itiryo, kwenye uwanja ambao zamani ulikuwa mnada wa ng'ombe, mama mmoja alinitokea na mwiko wa ugali mkononi, unga bado unadondoka. Nikamwambia, "Dada, natafuta hela za zamani tu." Akanijibu, "Za sasa zimekushinda, utaziweza za zamani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alisema kweli, nitabisha nini?

Mashine yenyewe, hiyo ya kunusa vyuma ardhini, sikuinunua. Ni ya binamu yangu wa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, ambaye aliipata akitaka kuokota vipande vya dhahabu. Ikampa vizibo vya soda. Ikampa misumari. Akaichoka, akaisukumia chini ya kitanda. Wakati huo ndoa yangu ya huko Kenya ilikuwa imenishinda, nafunga mizigo nirudi kwa mama na mvi zangu kichwani, nikamwambia nipe hilo dude lako niondoke nalo. Akanipa, tena akanisindikiza mpaka barabarani kwa furaha ya mtu aliyepunguziwa takataka nyumbani. Sijui alikuwa anafurahia kuondoka kwa mashine au kuondoka kwangu.

Dhahabu sikuitaka. Dhahabu ina wenyewe, na wenyewe wana ugomvi. Nilitaka sarafu: rupia za Mjerumani, senti za Mwingereza, hasa zile za shaba zenye tundu katikati ambazo bibi zetu walizitunga pamoja na shanga. Yuko mtu Mwanza anayezinunua na kuziweka kwenye fremu za kioo, na mimi kwa njia hiyo nilipata sabuni na chumvi bila kumwomba mtu. Nilianza na viwanja vya magulio ya zamani, kisha nikaingia kwenye mahame, yale maeneo ambayo watu waliishi miaka na miaka halafu wakahama. Nimefika mpaka Mbalibali huko, nimelala kwa watu nisiowajua, nimekula mihogo ya watu nisiowajua.

Tatizo la mahali palipokaliwa na watu ni kwamba watu ni wachafu, jamani. Makopo, betri za tochi, viwembe, waya, vipande vya bati, vifuniko vya dawa ya mifugo. Na vizibo! Mungu anisamehe, nimewalaani wanywaji wote wa soda na bia wa wilaya hii, waliokufa na walio hai. Ukiingia na mashine mahali pa namna hiyo inalia mfululizo, na mtu ambaye hajazoea huvua spika akaenda zake. Mimi nilijifunza kusikiliza. Msumari unalia ukija na sahani kutoka kushoto, ukirudi kutoka kulia unakoroma au unanyamaza kabisa. Kopo lina makelele hata ukiinyanyua sahani mpaka usawa wa goti. Kizibo ni mwongo mkubwa. Kinalia vizuri, ila mwisho wa sauti kuna mkwaruzo kidogo. Sarafu haina kelele. Inatoa sauti fupi, safi, ileile ukija kushoto, ileile ukija kulia, ileile ukigeuka ukapita kwa msalaba. Ukiisikia, roho inaruka hata kama umeshaisikia mara nyingi.

Jioni nikirudi nilikuwa namwaga nilivyopata kwenye ungo, na mama anakuja kukaa karibu. Rupia hakuzitazama. Alizichambua zile za tundu tu, akaishika kila moja, akapitisha kidole gumba ukingoni, mzunguko mzima, akairudisha. Nikawa namtania. "Mama, unamtafutia nani shanga? Umepata mchumba?" Ananiambia, "Nyamaza wewe," halafu anainuka kwenda kuangalia sufuria yake jikoni. Nilidhani ni uzee. Mtu akizeeka ana michezo yake, nikamwacha.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana duka la vipuri vya pikipiki Sirari. Jumapili moja baada ya kanisa alikuja na habari kwamba amepata mteja wa eneo letu la zamani, mahame yetu wenyewe, kule juu ya mto, upande wa kwenda Genkuru. Mteja ana kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbia, na alitaka kulifumua eneo lote kabla mvua hazijaanza.

"Lile ni jalala tu," mdogo wangu akasema. "Limejaa mashimo na makopo ya wachimbaji. Mama mwenyewe tangu ahame hajakanyaga kule."

Mama alikuwa anachambua mboga. Mikono ikasimama. Akasema kwa Kikurya, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apewe kisu: "Kabla hamjauza, nitoleeni mtoto wangu."

Tukatazamana. Mtoto gani?

"Mura, kaa chini," akamwambia mdogo wangu, yaani kijana, na yeye, mtu mzima mwenye duka na wafanyakazi, akakaa chini.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kujua kwamba mimi si mzaliwa wa kwanza. Nilikuwa na kaka. Alizaliwa kule mahameni, ukoo wote ulipokuwa bado unaishi pale juu. Mama alisema alikuwa mnene, mwenye kucheka na kila mtu, hata na mbuzi. Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Homa ikamchukua kati ya asubuhi na mchana, kabla hata aliyetumwa kutafuta dawa hajarudi. Katika ukoo wetu mtoto ambaye hajaota meno hakuwa msiba wa wanaume. Tata, yaani baba yetu, alikaa zizini na ng'ombe wake siku nzima. Wanawake wakamzika mtoto nyuma ya nyumba, ukutani kabisa, chini ya paa la nyasi, bila jiwe wala msalaba.

Alizikwa na uzi wake kiunoni. Kwenye uzi kulikuwa na senti ya tundu aliyofungwa na bibi, mama yake mama, na yule bibi alikuwa ameisugua ukingo wote kwenye jiwe la kusagia mtama mpaka ikawa laini, ili isimkwaruze mtoto tumbo. Basi. Kumbe mama alipokuwa anapapasa kingo za sarafu zangu jioni, alikuwa anaogopa. Aliogopa kwamba katika kuzurura kwangu nitakuja kuileta nyumbani, niimwage kwenye ungo huku nacheka, bila kujua nimeitoa kwa nani.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mchumba, namwambia. Umepata mchumba.

Akaendelea. Muda mfupi baada ya mazishi ng'ombe waliibiwa, babu akaamua ukoo uhame. Siku ya kuhama mama alikuwa na mimba nyingine, na mimba hiyo ni mimi. Mama mkwe wake akamfuata mlangoni akamwambia: mwanamke aliyezika mtoto hageuki nyuma akihama. Ukigeuka, wa tumboni atamfuata mwenzake. Wala usirudi kukanyaga hapa mpaka mimi mwenyewe nikufungue. Mama akajitwika chungu chake, akashika njia, hakugeuka. Hakugeuka kwa ajili yangu. Hakugeuka kwa ajili ya mimba zilizoharibika katikati, na kwa ajili ya huyu wa mwisho aliyekaa pale akiwa ameinamisha kichwa. Uzazi wake ulipofika mwisho alingoja mama mkwe amfungue, na mama mkwe hakusema kitu. Labda alisahau. Wazee nao wanasahau. Akafa bila kumfungua, na mama akabaki vilevile amefungwa, anaishi mwendo wa saa moja kutoka kwa mtoto wake na hawezi kwenda.

"Si ungesema, mama," mdogo wangu akasema.

"Nimwambie nani?"

Akachukua jani jingine la mboga.

"Aliyenifunga amekufa," mama akasema. "Nyinyi mmekua. Mimi nimechoka kutogeuka. Wewe una hiyo mashine yako inayosikia sarafu. Itanisikilizia na ya kwangu."

Mdogo wangu alitoka nje akajifanya anakagua matairi ya pikipiki yake. Aliyakagua muda mrefu sana. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema mteja atangoja, na kama hatangoja potelea mbali.

Kulipokucha tukaenda mimi na mama. Kilima kile mimi nilikifahamu juujuu tu, maana nilizaliwa tayari wameshahama, na wachimbaji walipovamia nilikuwa nimeshaolewa Kenya. Mama alitembea mbele, na fimbo yake na kigoda chake kidogo ameking'ang'ania, hataki nimbebee. Tulipofika kwenye mabaki ya ua wa miti ya manyara akasimama. Nikataka kumwambia tuache, mama, turudi nyumbani, lakini naye ni mtu wa hasira kuliko mimi, nikamwacha. Akavuka. Akazunguka akitazama, akaenda kulia, akarudi, na uso wake ukabadilika.

"Sipajui," akasema. "Mlango wangu ulikuwa wapi?"

Palikuwa jalala kweli, mdogo wangu hakusema uongo. Wachimbaji walikuja baada ya dhahabu kuonekana mtoni: watu wa Geita, watu wa Shinyanga, watu wa Singida, na vijana wetu wenyewe. Tata aliwaruhusu, kama wenye mashamba wote walivyofanya, akapata mgawo wake wa mwenye shamba, na alimwambia mama kwamba watakaa kule chini mtoni tu, juu hawatagusa. Wakapiga kambi juu. Walipoondoka waliacha kila kitu ambacho mtu anaweza kuacha. Makopo ya samaki yamejaa tope, mabetri yaliyopasuka, nyavu za waya, vipande vya maturubai, viatu vya mpira, chupa, na vizibo, vizibo, vizibo. Niliwasha mashine ikapiga kelele hata kabla sijaishusha.

Nilifanya kazi mahali pale kwa uangalifu ambao sijawahi kuufanya popote. Nilipunguza nguvu ya mashine, nikafunga kamba kutoka kisiki hadi kisiki, nikatembea ndani ya mstari, hatua ndogo, sahani karibu ilambe udongo. Mama alikaa kwenye kigoda chake na karai miguuni. Kila nilichochimbua alitaka akione kwanza. Kizibo, anakitazama, anakitia kwenye karai. Msumari, anautazama. Sahani ya bati iliyoliwa na kutu, anaigeuza pande zote mbili. Karai likijaa naenda kulimwaga kwenye shimo, narudi, tunaanza tena. Tukaenda siku iliyofuata, na iliyofuata. Watu walipita njia ya chini wakatuuliza kama tumeshapata hela. Niliwajibu vibaya, siwezi kuandika hapa nilivyowajibu.

Mara mbili nilipata senti ya tundu. Mara ya kwanza niliitoa bila hata kuifuta udongo. Nikampelekea mama kwenye kiganja, akapapasa ukingo, akatikisa kichwa. Ilikuwa na ukingo wake mkali wa kawaida, labda ilidondoka kwenye mfuko wa mchimbaji aliyeibeba kama hirizi. Mara ya pili vilevile. Tulikuwa tunakaa chini baada ya hapo, tunakunywa uji kwenye chupa ya chai. Mara mojamoja alinisimulia kitu kuhusu kaka. Kwamba alipenda kushika sikio la mtu anaponyonya. Kwamba alikuwa na alama nyeusi kwenye paja. Hayo ndiyo niliyonayo kuhusu kaka yangu, sikio na alama ya paja.

Ilikuwa kwenye mstari wa karibu na miti ya mkonge ambapo kitu kiliniingia akilini, na nikajiona mjinga kwa kuchelewa kukiona. Mimi nimechimba mahame mengi. Mahali ambapo watu wameishi kwa vizazi, juu unakuta takataka za juzi, chini yake za zamani kidogo, na chini kabisa ndiyo mambo yenyewe: kipande cha jembe la mhunzi, bangili ya shaba, kichwa cha mshale, sindano ya kushonea ngozi. Pale sikuwa nimepata hata kimoja. Kila kitu kilikuwa cha wachimbaji. Chini ya makopo yao hapakuwa na kitu, mashine ilikuwa kimya, udongo mgumu mwekundu ambao haujawahi kukaliwa na mtu. Nikatazama ile mikonge. Mizizi yake ilikuwa inaning'inia hewani, juu ya goti langu. Mkonge hauoti hewani. Udongo ndio ulioshuka.

Nikazima mashine.

"Nini?" mama akauliza.

"Betri imeisha," nikasema. "Naenda kwa yule mzee wa vitunguu kuomba maji ya kunywa, narudi."

Mzee wa vitunguu ni mtu wa Shinyanga. Alikuja na wachimbaji, wenzake walipoondoka yeye akaoa hapa, akabaki analima bustani kando ya mto. Nikamkuta anapalilia. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, mmepata hela zenu?" Nikamuuliza moja kwa moja: kule juu kwenye kambi, mlichimba mashimo tu, au mlifanya nini?

"Mashimo hayakutoa kitu," akasema. "Udongo wa juu ndio uliokuwa na dhahabu, ile ya chengachenga. Tuliukwangua uwanja mzima, tukajaza kwenye viroba, tukashusha huku kuoshea. Lile rundo la kokoto pale chini ya mgunga ndilo lililobaki."

"Mliosha wote?"

"Wote."

"Mzee, nyuma ya nyumba pale kulikuwa na mtoto."

Akaacha jembe. Alikuwa mtu mzima sana, na nilimwona anazeeka zaidi pale pale mbele yangu. "Tulikuwa wengi," akasema. "Kila mtu na koleo lake, na kila mtu na haraka yake. Mtoto mdogo hivyo, mwanangu, mtu hawezi hata kujua." Akasema tena, "Mtu hawezi hata kujua," na hakuweza kuniangalia.

Sikumkasirikia. Nilitaka sana kumkasirikia mtu, nami kwa hasira sijambo, lakini nilimtazama yule mzee na magoti yake ya tope nikakosa. Nikaenda kwenye rundo. Ni kokoto zile kubwa ambazo huchujwa wakati wa kuosha na kutupwa kando, majani yameshaota juu. Nikawasha mashine, nikavaa spika. Na kwa mara ya kwanza tangu niishike ile fimbo nikaomba isilie. Yesu wangu, nikasema, nyamazisha hii kitu. Bora tumkose. Bora nimwambie mama tumemkosa, kijiko kije kifukie kila kitu, abaki akijua yuko mahali fulani pale juu, mzima, na uzi wake.

Ikalia. Fupi, safi. Nikaja kutoka kulia, ileile. Nikageuka nikapita kwa msalaba, ileile.

Nilichimba kwa vidole, jembe sikuliweza. Haikuwa mbali, urefu wa kiganja tu, imekaa kati ya mawe mawili, ya kijani kwa kutu ya shaba, tundu limejaa mchanga. Sikupata nafasi ya kuigusa ukingo. Kivuli kilikuwa kimeniangukia, na mkono wa mama ulikuwa umeshafunguliwa mbele ya uso wangu. Alikuwa ameshuka kilima chote kile peke yake na fimbo yake. Betri imeisha! Nani aliwahi kumdanganya yule mwanamke akafanikiwa?

Nikaiweka kwenye mkono wake. Kidole gumba kikazunguka, polepole, mzunguko mzima. Kikazunguka tena.

"Ni ya mama yangu," akasema. "Ni yenyewe."

Hakulia. Aligeuka akatazama lile rundo, akatazama mto, akainua macho mpaka kilimani, akayashusha tena kwa njia ileile ambayo viroba vilishuka. Nilimwona anaelewa, hatua kwa hatua, na sikuwa na kitu cha kumzuia nacho. Mzee wa vitunguu alikuwa amekuja, amesimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Shemeji," mama akamwambia, maana mke wake ni wa ukoo wetu, "huu uwanja wa juu mliuosha lini?"

"Ule mwaka wa ukame, mama. Mto ulikuwa umekauka hapa. Maji tulikuwa tunaletewa kwa ndoo na akina mama, kutoka kisima cha kule bondeni. Bila wale akina mama tusingeweza kuosha hata kiroba kimoja."

Mama akakaa chini, juu ya kokoto, bila kigoda.

"Mimi nilikuwa mmoja wao," akasema.

Yule mzee akafunika uso na kofia yake.

"Nilikuwa nafika hapa na ndoo," mama akasema, na sasa alikuwa anasema na mimi. "Nilikuwa nakuja nikiwa nimekipa kilima mgongo. Ndoo kichwani, macho chini, namwaga, nageuka, naondoka. Huyu mdogo wako alikuwa mgongoni, ananyonya bado, nilimwogopea. Nikasema nisitazame juu, nikitazama juu atakufa. Walikuwa wanashusha udongo mbele yangu, mimi natazama miguu yangu. Maji yale niliyaleta mimi. Mwanangu alikuwa ndani ya kiroba, na maji nikamwaga mimi."

Nikamwambia hukujua, mama. Nikamwambia mengine mengi, maneno tu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kokoto nimemshika miguu, nalia kwa sauti kama mtoto mdogo, na yeye ndiye aliyekuwa ananipapasa kichwa. Hasira yangu yote ambayo inajulikana mpaka Kenya haikunisaidia kitu. Ningempiga nani? Mama mkwe aliyekuwa anamlinda mjukuu wake wa tumboni? Tata, ambaye kwake mtoto bila meno hakuwa na kaburi la kukumbuka? Mimi mwenyewe, kwa kuzaliwa?

Nikachukua kiroba kutoka bustanini nikataka kuanza kujaza zile kokoto. Nikasema tutazibeba nyumbani, zote, nitamwambia mdogo wangu alete gari, tutamzika. Mama akanishika mkono.

"Hayo ni mawe," akasema. "Mchanga ulienda na mto mvua ziliporudi. Acha."

"Mama, tuzike hata kidogo."

"Acha, mwanangu." Kisha akasema, "Mwambie mdogo wako auze. Pale juu hakuna mtu."

Tukaondoka jua likiwa bado juu. Kuelekea kwetu ni lazima uvuke mto, na siku hizo ulikuwa na maji, yanafika chini ya goti, baridi, yanapita juu ya mawe kwa kelele ndogo. Nilitangulia ili nimshike mkono asiteleze. Alipofika katikati akasimama. Nikadhani amechoka. Akanipa fimbo, akainama, akachota maji kwa kiganja, akayamwaga polepole mbele yake, na akachota tena, akayamwaga tena, kwa mkono ule ambao mtu humwogeshea nao mtoto mchanga kichwa.

"Fumba macho, baba," akasema. "Fumba macho, yasikuingie."

Nilimshika mkono wa pili, nikasimama pale majini, nikamngoja amalize.